Wimbo wa Pamba wa Mama Véronique

Bulaimu alifikisha fono, kinanda cha santuri, Wamaza mwaka wa 1950, imefungwa kwa kamba nyuma ya kinga, ile baiskeli yake, na mablanketi mawili juu yake kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Ile kinga aliisukuma kwa miguu kutoka Kasongo siku tatu nzima; hata kwenye mteremko hakuipanda, asije akaangusha mzigo. Alikuwa na sahani nne tu za kupiga muziki, na moja ilikuwa imepasuka pembeni. Akaiweka fono kwenye baraza ya duka lake, kati ya gunia la chumvi na mafungu ya samaki wakavu, akazungusha mkono wa chuma wa fono mpaka ukakaza, akashusha sindano. Watu waliokuja kununua mafuta ya taa wakasahau chupa zao.

Wengi walisikiliza gitaa. Véronique, mke wa Raphaël, alisikiliza pale mwimbaji anaponyamaza ili wengine waingie. Maneno yalikuwa ya Kilingala, na yeye Kilingala alijua kile cha kusalimia askari tu. Hakujali. Maneno ni nguo, alikuwa akisema, sauti ndiyo mwili; nguo mtu anabadilisha. Alirudi nyumbani bila mafuta, na Raphaël akamwuliza kwa upole kama hiyo fono inaweza kuwaka.

Asubuhi iliyofuata, katika shamba la pamba, ile sauti ya sahani ilikuwa imekwisha kuvaa Kiswahili.

Mtu asiyeijua pamba lazima aelezwe. Kila nyumba ilipewa shamba lake la pamba, ipende isipende, na aliyelipima alikuwa muzungu wa kilimo, ambaye watu walimwita Bwana Kamba, maana kamba ya kupimia aliivuta mwenyewe, hakumwachia moniteur, yaani msaidizi, yeyote. Wakati wa kuvuna, wanawake walisaidiana, shamba la huyu leo, la yule kesho, wamepanga mstari mmoja. Mstari usio na wimbo unachelewa. Kwa hiyo kila kikundi kilikuwa na mwimbishaji, yule anayeinua wimbo na wenzake wanaitikia. Kazi hiyo haitaki sauti nzuri peke yake. Inataka mtu anayejua, asubuhi ile, wenzake wameamka na nini moyoni. Akikosea, ataimba peke yake.

Véronique hakukosea. Alikuwa na miaka ishirini na nane, mwembamba, na binti mmoja tu aliyebaki hai, Pascaline, wa miaka tisa. Aliimba:

*Pamba nyeupe kama jino la mutoto,*
*kilo ikipanda, na roho inapanda.*

Na mstari mzima ukajibu: *Inapanda, inapanda.*

Bwana Kamba alipita na pikipiki yake, akaizima, akasikiliza. Siku ya soko la pamba akamwita Véronique asimame kando ya mizani na kuinua wimbo kabla ya kitunga cha kwanza kupimwa. Kikundi chake kikapewa chumvi na vikwembe viwili, nguo za kujifunga. Tangu siku ile ikawa desturi: hakuna kilo iliyopimwa Wamaza kabla Véronique hajaimba.

Siku hizi wako watu wanaosema kwamba wimbo ule kila mtu aliuchukia tangu mwanzo. Hapana. Miaka ile waliupenda. Wakati wa vita vya Wazungu waliingizwa porini kutafuta utomvu wa mpira, wengine hawakurudi. Wakilinganisha na mpira, pamba ilikuwa kama sikukuu. Ilileta sufuria, ilileta kinga, ilileta viatu vya kuendea misa. Roho ilikuwa inapanda kweli.

Bulaimu naye akaongeza sahani, zikafika thelathini. Siku ya Mungu, baada ya misa, Wakristo walikutana na Waislamu kwenye baraza yake, na wavulana wakacheza na kofia mkononi kama walivyosikia kwamba watu wa Léopoldville wanacheza. Nyimbo zikawa za mapenzi, za nguo, za mtu kuitwa jina lake njiani. Véronique alikuwa nyuma ya kila sahani, akiivalisha Kiswahili. Wimbo wa kikwembe ndio uliokwenda mbali kuliko zote:

*Niletee kikwembe cha Kasongo, cha jicho la ndege,*
*nikipita, hata majani yaulize jina langu.*

Raphaël alikwenda kuuza karanga Nyangwe, akakuta wanawake wanaosha mihogo mtoni wanauimba. Alirudi, akala, akanawa mikono, akajikohoza.

“Watu ya Nyangwe wanaimba nyimbo yako.”

“Wanaimba namna gani?”

“Wanakosea mustari ya pili.” Kisha akatoka nje haraka, ili mke wake asimwone anavyocheka kwa furaha.

Ndipo ukaja mwaka wa 1956. Mvua ilichelewa, kisha wadudu wekundu wakaingia katika pamba wakala ndani ya tunda kabla halijafunguka. Bei nayo ikashuka. Siku ya soko watu walikuja na vitunga vyepesi, na Bwana Kamba alikuwa na karatasi ya majina. Aliyeleta pungufu ya kilo alizopangiwa alisimamishwa upande wa kushoto, na waliosimama kushoto walifungwa kamba mikononi, waende buloko, gereza la Kabambare.

Wa tatu kuitwa alikuwa André, mume wa Émérance. Émérance alikuwa katika mstari wa Véronique, mkubwa wake kwa miaka mitano, mwanamke wa mabega mapana aliyechuma kwa mikono miwili kama watu wawili. Walikuwa wakila pamoja shambani, mihogo ya huyu na samaki wa yule.

Wakati André anafungwa, watu walianza kunung’unika. Bwana Kamba akageuka, akamtazama Véronique.

“Imba.”

Aliimba. Kilo ikipanda, na roho inapanda. André alipita mbele yake, hatua tatu tu, mikono mbele, na macho yao yakakutana, na yeye hakunyamaza. Aliimba mpaka wote saba waliofungwa wakageuza kona. Kitunga cha Raphaël kilikuwa bado hakijapimwa. Kilipopimwa kilipungua kilo nne, na Bwana Kamba akaandika kitu, akasema: “Pita.”

André alikaa buloko miezi miwili. Alirudi na kifua kibovu.

Juma lililofuata Véronique aliinua wimbo shambani kama kawaida, na waliomwitikia walikuwa wachache. Alidhani wamechoka. Siku ya pili aliinua ule wa kikwembe, ambao hata mtu aliyechoka angeuitikia. Sauti mbili. Kisha, kutoka mwisho wa mstari, Émérance, ambaye hakuwa ameinua wimbo tangu azaliwe, akainua wake:

*Mwenye sauti tamu anaimba kwa mizani,*
*bwana yangu anapita, kamba mukononi.*
*Imba, mama, imba, pamba ikusikie,*
*sisi masikio yetu iko na kazi.*

*Iko na kazi, iko na kazi,* mstari ukajibu, wote, na mikono ikaanza kwenda mbio.

Ulikuwa wimbo mzuri. Hilo ndilo lililomkata Véronique zaidi. Sauti ilikuwa ya sahani mpya ya Bulaimu, ile ya gitaa za haraka, na Émérance alikuwa ameivalisha vizuri, bila kupunguza wala kuzidisha. Ndani ya mwaka mmoja ulifika Kasongo. Huko watu hawakumjua Émérance wala André, walitia majina ya mizani zao na kamba zao. Wakati ule nchi yote ilikuwa na masikio yenye kazi. Hata kwenye baraza ya Bulaimu, wavulana waliacha kuomba sahani za kofia na viatu. Waliomba zile ambazo mwimbaji analia juu ya mwanamke fulani, na wao wakiitikia wanatazamana, kila mmoja akijua kwamba hawazungumzi juu ya mwanamke.

Véronique alianza kuvuna pembeni, peke yake, na kimya. Bwana Kamba akahamishwa. Aliyemfuata hakuhitaji wimbo. Siku moja, mwaka wa 1958, Véronique akiteremka kijitoni, alisikia wasichana wanafua na kuimba, na katika wale wanaoitikia *iko na kazi* akaijua sauti ya Pascaline. Aligeuka akarudi na mtungi mtupu. Jioni Pascaline aliuliza kwa nini hakuna maji. Mama yake akasema njia ilikuwa na siafu.

Mwaka wa 1959, mwezi wa nane, mambo ya uhuru yakiwa midomoni mwa kila mtu, Pascaline alipata mchumba: Fidèle, fundi wa kujenga kwa matofali, mtu wa Kasongo. Mahari yakatolewa, siku ikawekwa. Na hapo ndipo shida ilipokaa.

Kwa watu wa Wamaza, binti hatoki kimya. Mama yake anasimama mlangoni na kuinua wimbo wa kwanza. Wanawake wakiitikia, maana yake wamekubali kumsindikiza, na ndio watakaovuka naye kijito, ndio watakaojibu akipatwa na shida katika nyumba ya watu. Wasipoitikia, anakwenda peke yake. Hakuna anayemzuia, lakini huko anakokwenda watasema: huyu hana watu. Na mke asiye na watu, kila mtu anajua anavyopigwa.

“Mama,” Pascaline aliuliza, akisuka mkeka bila kuinua kichwa, “nani atakuitikia?”

Raphaël, aliyekuwa akitengeneza mpini wa jembe, akasema: “Tuombe fono kwa Bulaimu. Fono haiombi kuitikiwa.”

Dada mkubwa wa Raphaël, bibi Marguerite, aliyekuja kwa ajili ya ndoa na aliyekuwa na neno kwa kila jambo, akatema kokwa la chikichi. “Fono itavuka kijito? Fono iko na miguu? Bwana yake akimupiga ngumi, tutatuma sahani iende kuuliza sababu?”

“Nilisema tu.”

“Usiseme tena, mudogo wangu. Engenya mpini wako.”

Siku tatu Véronique alitafuta wimbo. Ule wa pamba hakuweza hata kuufikiria. Ule wa kikwembe ulikuwa wa wasichana wa zamani, waliokwisha kuwa mama wenye madeni ya usingizi. Alijaribu kutunga mpya wa uhuru, ukawa kama kofia ya mtu mwingine. Yeye aliyekuwa akijua watu wameamka na nini moyoni, sasa alijua vizuri kuliko wakati wowote: walikuwa wameamka na wimbo wa Émérance.

Lakini wimbo uko na mwenyewe. Kuuimba shambani ukiwa katika mstari ni haki ya kila mtu. Kuuinua mbele ya watu, kwenye ndoa au matanga, lazima uende kwa mwenyewe na kuku, ukae chini, akufundishe. Katika miaka yake mizuri Véronique alikula kuku wengi kwa njia hiyo. Siku ya nne alishika jike lake moja, akalifunga miguu, akapita katikati ya kijiji saa mbili asubuhi, watu wote wakimwona.

Émérance alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo. Aliona kuku, akaelewa, akaendelea kutwanga. André alikuwa amekaa kwenye jua, blanketi mabegani.

“Odi, yaya Émérance,” Véronique alisema, kama anavyoitwa dada mkubwa.

“Mama Pascaline. Ile kuku iko na ugonjwa gani?”

“Haina ugonjwa. Ni nyembamba tu.”

“Hata sisi wote. Ukae.” Alimwonyesha chini kwa mdomo. Véronique akakaa chini. André akakohoa, akamsukumia kibao chake kidogo kwa mguu, kisha akakiacha, kwa kuwa mke wake alikuwa amemtazama.

“Nimekuja kuomba nyimbo.”

“Nyimbo gani? Mimi sina nyimbo mingi kama wewe. Niko na moja.”

“Ile moja.”

Mchi ukasimama. “Ya kukutukana wewe? Unataka kuimba matusi yako mwenyewe, mulangoni pako, siku ya mutoto wako?”

“Ndiyo.”

“Bibi Marguerite anajua?”

“Bado.”

“Atakufa.” Émérance akakaribia kucheka, akajizuia. Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. “Kwanza useme. Miaka tatu unapita hapa kama moshi. Siku ile, juu ya nini haukunyamaza?”

Véronique alikuwa amejitayarisha kusema kwamba aliogopa muzungu. Alipofungua mdomo akasema lile lingine. “Kitunga cha Raphaël kilikuwa nyuma. Nilikipima nyumbani kwa mukono, nilijua kinapungua. Nilisema katika roho, nikiimba vizuri, watamupitisha. Walimupitisha.”

“Kilipungua kilo ngapi?”

“Ine.”

“Ya André ilipungua tatu,” Émérance alisema.

Kuku akajigeuza vumbini. André akavuta blanketi, akasema kwa sauti yake iliyochakaa: “Hata mimi ningekuwa na mwanamuke mwenye sauti, ningemwambia aimbe.”

“Wewe, nyamaza,” mke wake akamwambia, lakini bila hasira. Akamgeukia Véronique. “Nyimbo nitakufundisha, sababu umeleta kuku. Ile maneno ingine, sijui. Usiniombe leo.”

“Siombi.”

“Basi inua mustari ya kwanza, nisikie.”

Siku ya ndoa wanawake walikuja, maana kutokuja ni tusi na chakula kilikuwa kimepikwa. Walisimama uani, mikono imekunjwa, wameangalia miguu yao. Ng’ambo ya kijito lori, ile kamiyo iliyomleta Fidèle, mama yake na ndugu zake, ilikuwa inangoja. Pascaline alitolewa ndani, kitambaa kimemfunika mpaka kifuani, na chini ya kile kitambaa ilionekana jinsi anavyopumua. Véronique akasimama mlangoni. Alikuwa hajaimba mbele ya watu kwa miaka mitatu.

*Mwenye sauti tamu aliimba kwa mizani.* Sauti ilitoka na kutu, lakini ilitoka. *Mwenye sauti ni mimi, Véronique wa Raphaël.*

Vichwa vikainuka. Bibi Marguerite akashika mdomo wake.

*Bwana ya mwenzangu alipita, kamba mukononi,*
*nilimwona na macho, nikaimba mbele.*
*Na ninyi masikio yenu…*

Hapo ndipo mahali pa kuingia. Hakuna aliyeingia. Akarudia: *na ninyi masikio yenu…* Kuku wa jirani alilia. Mwanamke mmoja kijana, nyuma, alicheka puani, si kwa ubaya, kama mtu aliyeona nguo imevaliwa nyuma mbele. Na Émérance akatoka katikati ya wenzake, akaja mpaka mbele ya mlango, uso umekunjamana.

“Unaivuta mingi,” alisema, kwa sauti ambayo hata watu wa kamiyo waliisikia. “Nilikuambia pale kwangu, usiivute. Hii si nyimbo ya kanisa. Wanaingia wapi, kama wewe unalala juu ya neno?”

“Nilisahau.”

“Unasahau nini, wewe mwimbishaji? Anza tena. Haraka. Hivi.” Akapiga makofi, moja mbili, moja mbili, akiwa amemgeukia Véronique na si watu. Véronique akaanza tena, haraka, kwa makofi yale. Alipofika kwenye masikio, wanawake wakaingia. Waliingia wote, wengine kwa kucheka, wengine kwa kukasirika bado, lakini wimbo ule ulikuwa wao, na mtu hawezi kusikia wimbo wake umeinuliwa vizuri akaufungia mdomo. *Iko na kazi, iko na kazi.* Pascaline akasukumwa kwa mabega, uani, njiani, kwenye mteremko wa kijito.

Mama wa binti havuki maji. Véronique alisimama ukingoni na Raphaël, akawaona wanapita kwa kushikana mikono, vikwembe vimeinuliwa, Émérance mbele, Pascaline katikati. Aliendelea kusikia wimbo mpaka injini ya kamiyo ikawaka, kisha hakusikia kitu.

Jioni, jua bado lipo, Émérance alipita njiani akirudi. Aliingia uani bila kupiga odi, akaomba maji, akanywa amesimama.

“Walimupokea vizuri, pale kwenye kamiyo. Mama ya Fidèle alituhesabu kwa kidole, mutu na mutu. Alifika kumi na tisa, akaacha.” Akamrudishia kikombe. “Mutoto wako alilia kidogo.”

“Asante, yaya.”

“Lakini ile mabinti ya leo haina haya. Tulipovuka maji, waliharibu nyimbo yangu. Walitia maneno yao, hawakuniuliza.”

“Maneno gani?”

Émérance akatazama barabara, kana kwamba anaona aibu, kisha akaimba kidogo, kwa sauti ya chini:

*Mwaka kesho mizani nani ataishika?*
*Kamba ikikatika, tutapima na nini?*

“Na wenzao wanajibu: *na macho yetu, na macho yetu.*”

Véronique alirudia polepole, akijaribu mahali pa kuingia. “Na macho yetu. Ni nzuri kuliko yako.”

“Ni nzuri kuliko yangu na yako,” Émérance akasema, akafunga kikwembe chake vizuri kiunoni, akaenda kumpikia mume wake.